Kutoka mashindano ya pikipiki hadi sinema: kazi ya Rémy Julienne

(Maneno haya yalisemwa na memba wa chama chetu, shofa wa zamani na fundi wa magari, katika mkutano mkuu wa Bendera, nyuma ya ripoti ya kasha. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema. Tumepunguza tu pale alipokatizwa na kicheko.)

Bwana prezida, mama mtunza kasha, wazee wetu, wageni mnaotusaidia kutoka mbali, wandugu wote tuliorudi, na ninyi vijana wa pikipiki mliokaa karibu na mlango ili mukimbie mbio nikianza kuwachosha: jambo yenu.

Prezida aliniomba niseme juu ya ajali za barabarani. Nilikataa. Juu ya ajali kila mtu anajua kuhubiri, na vijana wakisikia mahubiri wanaangalia simu. Mumesikia mama akisoma majina ya wale ambao kasha liliwalipia hopitali. Wengi ni wa pikipiki. Mguu, mkono, mguu, kichwa, mguu. Sina cha kuongeza juu ya orodha ile. Nikamwambia prezida, nipe ruhusa niseme juu ya mtu mmoja tu, Mfaransa, aliyeanza kama ninyi, juu ya pikipiki, katika matope. Jina lake Rémy Julienne. Mulikwisha kumuona mara nyingi bila kujua kama ni yeye, maana kazi yake ilikuwa mtu asimuone.

Wale waliokaa kambi ya Lugufu au Nyarugusu wanakumbuka nyumba za video. Jenereta nje, turubai la HCR juu, ndani jasho, na televisheni moja kwa watu mia. Mule njo nilimuona James Bond mara ya kwanza. Kulikuwa na filamu moja ambayo anaendesha lori kubwa la mafuta katika mlima, wabaya wanamfyatulia kombora, na yeye analaza lori upande, linakwenda kwa magurudumu ya upande mmoja tu, kombora linapita chini yake. Video nzima ilipiga kelele. Mzee mmoja aliyekuwa shofa zamani za Zaire akasimama akasema: “Ile ni uongo, kamyo haiwezi.” Tukamzomea akakaa.

Mzee yule alikosea. Filamu ile ilitoka 1989, na barabara yenyewe ni ya milimani huko Meksiko. Watengenezaji walikuwa wameandaa chombo cha kuliinamisha lori, wakiamini kwamba hakuna mtu wa kuliinamisha kwa usukani. Hawakukihitaji. Julienne alikaa ndani, akalipandisha, akalilaza upande, akalipeleka hivyo. Alikuwa na miaka 58. Sura munayoiona kwenye filamu ni ya mwigizaji, lakini mikono iliyoshika usukani ni ya mzee huyo.

Kazi hiyo kwa Kifaransa mtu wake anaitwa kaskadere. Anafanya jambo la hatari mahali pa mwigizaji, halafu mwigizaji anapata sifa. Miye niliposikia habari zake, miaka mingi baada ya Lugufu, nilitaka kujua kitu kimoja: mtu anafanya mambo kama yale zaidi ya miaka 40, namna gani anakufa kitandani akiwa na miaka 90?

Alizaliwa 1930 katika kijiji kinaitwa Cepoy, karibu na mji wa Montargis. Alipotimiza miaka 10 jeshi la Wajerumani liliingia Ufaransa, na watu wa nchi ile walijaza barabara, wenye mikokoteni, wenye baiskeli, wenye godoro juu ya gari, wakikimbilia kusini. Ninalisema hili kwa wandugu wanaofikiri kukimbia kuliumbwa kwa ajili yetu sisi wa Tanganyika na Kivu. Mzungu naye amebeba sufuria kichwani.

Alipokua akapenda pikipiki. Mashindano yake hayakuwa ya lami. Yalikuwa yale ya porini: vilima, matope, mashimo, kuruka. Miaka ya 1950 alikuwa bingwa wa Ufaransa katika mchezo huo. Sasa vijana munanyoosha shingo, naona. Ndiyo, mashindano yake yalikuwa juu ya barabara kama hii yetu ya kwenda Kalemie mwezi wa tatu. Tofauti ni kwamba yeye hakubeba mama na mtoto na mfuko wa unga wa muhogo nyuma.

Katika 1964 kulikuwa na mkubwa mmoja wa wakaskadere wa Ufaransa, Gil Delamare. Alikuwa anatengeneza michezo ya filamu Fantômas, na akatafuta mtu anayejua pikipiki sawasawa, wa kuendesha mahali pa Jean Marais, mwigizaji mkubwa. Akamuita Julienne. Basi mlango ukafunguka hapo, akiwa na miaka 34, umri ambao wakimbiaji wengi wa mashindano wanaanza kufikiria kuuza mashini.

Delamare hakukaa sana. Katika 1966, wakati wa kupiga filamu nyingine, alikufa kazini, ndani ya gari. Muniangalie hapa, maana kwangu hapa njo shina la maneno yote. Mwalimu wako, yule aliyekuita, yule anayejua kuliko wote, anakufa mbele ya kamera. Kuna njia tatu. Ya kwanza, unaacha kazi, na hakuna wa kukulaumu. Ya pili, unasema “siku yake ilifika,” unaendelea vilevile. Hii ya pili njo yetu. Kijana akianguka hapa tunalia, tunazika, tunasema ni mpango wa Mungu, na kesho yake ndugu yake anachukua pikipiki ileile, na freni ni ileile. Njia ya tatu ni kuuliza: kitu gani hakikupimwa?

Julienne alichukua hii ya tatu. Aliigeuza kazi ya ushujaa ikawa kazi ya hesabu. Alikuwa anapima mahali pa kurukia na mahali pa kutua. Alikuwa anajua uzito wa gari, mwendo wake, na namna ngazi ya kurukia ilivyoinuliwa. Alikuwa anajaribu kwanza mahali patupu, anarudia, anaandika. Watu wakimuita mwendawazimu hakupenda, maana mwendawazimu hapimi.

Nisimame kidogo kwenye hesabu, maana najua hapa kuna wanafunzi na mwalimu wao yuko pale. Gari ikiruka kutoka juu ya ngazi, umbali wa kuruka haukui sawa na mwendo. Unakua mwendo mara mwendo. Kama kwa kilometa 50 kwa saa gari inatua metre 20 mbele, ukiongeza kidogo tu, ukafika 55, haitatua kwenye 22 jinsi unavyofikiri. Itatua kwenye 24 na zaidi. Metre zile mbili ulizosahau, kuna mtu amesimama pale. Hesabu hiyohiyo iko ndani ya freni. Ukienda mwendo mara mbili, huhitaji nafasi mara mbili ya kusimama. Unahitaji mara nne. Na hiyo ni baada ya mkono wako kushika freni. Kabla mkono haujashika, jicho linaona mbuzi, akili inasema “mbuzi,” sekunde moja imepita. Kwa kilometa 60, sekunde moja ni karibu metre 17. Metre 17 bila freni, bila kitu, unakwenda tu kama jiwe lililotupwa. Toka meza ile ya prezida mpaka mlango wenu haifiki hata nusu.

Turudi kwa mtu wetu. Katika 1969 kulitoka filamu ya Waingereza inaitwa The Italian Job, na michezo yake ya gari ilikuwa ya Julienne na watu wake. Gari tatu ndogo aina ya Mini, moja nyekundu, moja nyeupe, moja ya buluu, zinabeba dhahabu ya wizi katika mji wa Turin. Zinashuka ngazi za mawe, zinapita chini ya matao ya maduka, zinapanda mpaka juu ya paa la kiwanda cha Fiat na kuruka kutoka paa moja hadi jingine. Mukiipata mutazame. Lakini mutazame kama fundi, si kama mtoto. Angalieni gari zinavyofuatana: nafasi kati yao haibadiliki. Ile nafasi haikuja yenyewe.

Akafanya kazi na Jean-Paul Belmondo, ambaye naye alipenda kujitupa mwenyewe na kuwatia hofu watu wa bima. Akafanya filamu sita za James Bond, toka 1981 mpaka 1995. Ukiongeza matangazo ya biashara, watu wanahesabu kazi zake kuwa zaidi ya 1,400. Wanawe wawili waliingia kazi hiyohiyo.

Kijana mmoja aliniambia jana, nilipokuwa natengeneza maneno haya pale gareji: “Mzee, yule alikuwa na mashini nzuri. Sisi tunaendesha takataka.” Ni neno la kweli, sitalikimbia. Lakini mujue kazi yake ya kwanza ya James Bond, 1981, gari ilikuwa nini. Ilikuwa Citroën 2CV ya njano. Wazee wanaijua 2CV, ile inayofanana na debe lililopinduliwa, mlango wake unaweza kuufungua kwa kisu. Waliibadilisha injini, wakatia ya gari nyingine yenye nguvu zaidi, na wakaishusha katika mashamba ya zeituni kwenye kisiwa cha Corfu, huko Ugiriki, gari kubwa nyeusi zinaifukuza. Gari ya maskini ikashinda. Kwa nini? Kwa sababu yeye alijua udhaifu wake wote kabla ya kuiwasha. Wewe unayesema pikipiki yako ni takataka, unajua takataka yake iko wapi? Unajua cheni imelegea kiasi gani? Unajua freni ya nyuma inashika baada ya hatua ngapi? Kama hujui, basi shida si takataka.

Hata lile lori la kulala upande lina siri ambayo shofa wa hapa anaijua kwa mateso. Munajua kamyo ikizama kwenye matope, gurudumu moja linazunguka bure kama feni, na lile lililo kwenye udongo mgumu limesimama tu? Nguvu inakimbilia mahali pepesi. Sasa fikiria gari imeinua upande mmoja hewani. Nguvu yote itakwenda kwenye gurudumu linalochezea upepo, gari itaanguka. Kwa hiyo gari za kazi ile zinafungwa ndani, kwenye dife, ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja. Matairi ya upande wa chini yanajazwa upepo zaidi. Na ukiwa juu, gari ikianza kuangukia upande, unapeleka usukani upande uleule inakoangukia, jinsi mtoto anavyofanya na baiskeli. Kwa macho ni uchawi. Kwa fundi ni siku tatu za kazi na kujaribu kwingi.

Mwingine akaniuliza: “Lakini Muzee, hakuna mutu wa kwetu? Kila mara muzungu.” Ni swali la haki. Kaskadere wa magari kutoka upande wetu wa Afrika ambaye ninaweza kusimama hapa nikamueleza sawasawa, sina. Ila mkimbiaji wa mashindano ninaye, na habari yake inatugusa. Shekhar Mehta, Mhindi mzaliwa wa Uganda. Katika 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 watoke. Mehta akaacha nyumba akaenda Kenya, mkimbizi kama sisi, ingawa, tuseme ukweli, mkimbizi mwenye mali kuliko sisi. Mwaka uliofuata, 1973, akashinda Safari Rally. Na alishinda namna gani? Yeye na Harry Källström wa Uswidi walimaliza na alama sawasawa, baada ya maelfu ya kilometa za vumbi na matope, ikabidi waangalie kanuni ndogo ya kuwatenganisha. Akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara tano. Wazee waliokuwa Kigoma miaka ile walisikia jina lake redioni kila Pasaka.

Mehta hakwenda kwenye sinema. Alibaki kwenye mashindano mpaka 1987, akapata ajali mbaya kule Misri, na kuendesha kukaisha hapo. Baadaye akawa mkubwa wa kamati ya mashindano hayo duniani, akafariki London 2006. Ninawaweka hawa wawili pamoja kwa sababu moja. Anayeshindana, saa njo inamfukuza: kila kona anaomba apate nusu sekunde, na kona ijayo haijui vizuri. Kaskadere hana saa. Ana alama ya chokaa chini, na amri ya kufika pale, si mbele, si nyuma. Julienne alikuwa wa saa, akageuka wa alama. Kugeuka huko njo kulimpa maisha marefu. Sasa ninyi wa pikipiki, mteja akisema “fanya haraka nitaongeza franka mia tano,” anakurudisha kwenye saa.

Wandugu, kama ningeishia hapa ningekuwa mwongo, maana ningewaambia kuhusu mtu aliyepima siku zote na hakukosa. Alikosa. Tarehe 16 mwezi wa 8, 1999, Paris. Filamu ilikuwa Taxi 2, vijana wengi mumeiona. Gari ya Peugeot ilitakiwa kuruka na kutua kwenye mahali pake. Ikaruka kupita mahali pale. Mbele kulikuwa na masanduku matupu ya karatasi ngumu yaliyopangwa kuikamata, lakini gari ikayapita mpaka kwa watu wa kamera. Mpiga kamera mmoja, baba wa watu, alikufa. Mwenzake akaumia. Julienne alikuwa na miaka 69, na yeye njo alikuwa mkubwa wa michezo yote ya siku ile. Kesi ikachukua miaka. Katika 2007 mahakama ikamkuta na hatia, na 2009 rufaa ikaipunguza adhabu. Mabishano yote yalikuwa juu ya vitu ninavyowaambia: majaribio yalifanyika ya kutosha? Mahali pa kutua palikuwa wapi? Nani aliruhusu watu wasimame pale?

Nimefikiri sana juu ya kesi ile. Mtu mwenye kazi 1,400 nyuma yake, mahakama haikumuuliza juu ya zile nyingine zote zilizokwenda vizuri. Waliuliza juu ya metre chache za siku moja. Kuna watu wanaona ni ukatili. Miye naona ni haki. Ile familia ilikuwa na baba mmoja tu.

Na sasa niseme langu, maana nimeona wengine wanajua na wanangoja kama nitathubutu.

Miaka ile tuliporudi, baada ya kushuka melini, nilipata kazi ya kuendesha kamyo ya mtu kati ya Kalemie na huku. Mizigo chini, watu juu, jinsi munavyojua. Siku moja tulikuwa tunashuka kilima, rafiki yangu amekaa nami mbele, tunacheka, tunakumbuka filamu ya lori la Bond. Nikatoa gia. Wote tunafanya hivyo, tunasema inapunguza mafuta. Kamyo ikashika mbio yenyewe. Rafiki akasema, “Ilaze basi!” Sikuilaza, sina wazimu huo. Lakini kona ilipofika sikupunguza kama ilivyotakiwa, nilitaka nisikie watu wa juu wanapiga kelele. Walipiga. Kamyo ikainama upande, nikahisi magurudumu ya kushoto yanakuwa mepesi. Halafu ikarudi chini. Nikashangilia. Nilifikiri kelele ile ya nyuma ni ya furaha.

Mama mmoja alikuwa amekaa juu ya mifuko, pembeni. Alikuwa amelala chini barabarani. Mguu ulikuwa umegeuka mahali mguu haugeuki.

Alikaa hopitali Kalemie karibu miezi mitatu. Msimu ule shamba lake halikulimwa. Watoto wake wawili waliacha masomo, na mmoja hakurudi tena shuleni. Chama hiki kilikuwa hakijazaliwa, hakukuwa na kasha, kulikuwa na majirani tu na sahani ya kuchangia. Miye nilitoa mshahara wa miezi miwili, nikaona nimefanya kubwa. Tajiri wa kamyo alisema mtu anayepanda juu ya mizigo anapanda kwa hatari yake. Nikalishika neno lile, likanisaidia kulala usiku, mwaka mzima.

Mama yule njo mtunza kasha wetu. Huyu aliyesoma majina saa hii. Anayewalipia mguu wenu na mkono wenu, na kutembea kwake munakuona wenyewe. Nilikwenda kwake juzi nikamuomba ruhusa ya kusema. Akaniambia: “Sema. Lakini usiseme nililia, maana sikulia. Nilikutukana.” Ni kweli. Alinitukana kwa Kiholoholo, na kwa Kiswahili, na neno moja la Kifaransa.

Basi mambo ya mkutano. Wafadhili wetu wametuandikia kwamba wanafikiria kutuma kaske, zile kofia ngumu za motari. Tunashukuru, tena sana, na wasibadilishe mawazo. Lakini kaske inafanya kazi baada ya kosa. Ninaomba mkutano ukubali kitu kingine ambacho hakigharimu hata dola kumi: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, asubuhi, uwanja wa mpira, pikipiki zote za memba zipimwe. Miye na mafundi wenzangu wawili tutaangalia freni, cheni, matairi na taa, bila malipo. Halafu kila motari ataendesha kwa mwendo wake wa kila siku mpaka kwenye mstari wa chokaa, ashike freni, na tutapima kwa kamba amesimama wapi. Peke yake kwanza. Halafu na mtu nyuma. Halafu na watu wawili, mshikaki, kwa sababu ninajua munabeba wawili hata nikikataza.

Tulijaribu wiki iliyopita na vijana sita. Kabla ya kuanza nilimwambia kila mmoja aweke jiwe mahali anapofikiri atasimama. Hakuna hata mmoja aliyesimama kabla ya jiwe lake. Mmoja alilipita jiwe, akalipita goli, akaingia kwenye mahindi ya mwenyewe uwanja, na ninaomba mkutano utusaidie kuongea na mwenye mahindi. Kijana yule hakucheka. Alirudi akapima tena, mara ya pili, ya tatu, akaanza kuweka jiwe mbali zaidi. Mara ya tano alisimama kwenye jiwe. Hakuna aliyemlazimisha.

Pia ninaomba, na hili wengine hawatalipenda, kwamba kasha likimlipia mtu wa pikipiki hopitali, likae na mtu huyo baadaye na kuandika ilikuwaje. Si kwa kumhukumu. Mwendo gani, mzigo gani, freni ilikuwaje, alikuwa anamfukuza nani. Daftari moja tu. Mama amekubali kuliweka daftari kwenye sanduku la kasha, na amesema ukurasa wa kwanza utakuwa wangu, ule wa kamyo, na ataniamuru niuandike mwenyewe na niweke sahihi. Nimekubali.

Julienne alifariki mwezi wa kwanza 2021, hopitalini Montargis, karibu na kijiji alichozaliwa. Alikuwa na miaka 90, na hakuuawa na gari. Aliuawa na Covid.

Jumamosi tunaanza saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali. Kamba ni metre 30, si yetu, tumeiazima kwa mjenzi na anaitaka saa sita. Mwenye chokaa alete kidogo.